Kitovu Kwenye Kiberiti

Mtu akiniuliza nyumba yangu ya kwanza ya ndoa ilikuwa namba ngapi, humpa namba ya gari. Sifanyi mzaha. Ilikuwa na kibao cha namba nyuma, taa mbili nyekundu zilizokufa zamani, matairi mawili, na mbele chuma kirefu cha kufungia trekta. Niliishi humo mwaka mzima. Nilipika humo, nikagombana na mume wangu humo, nikajifungulia humo, na mpaka leo harufu ya lami iliyopigwa na jua ikinifikia puani nahisi kama nimerudi kwangu. Nimeanza kuyawaza tena haya tangu Benadeta aliponipigia simu Tanga kuniambia kwamba mama yake amefariki. Nilikaa kitandani nikalia sana. Katikati ya kilio nikagundua kwamba machozi mengine nilikuwa najililia mwenyewe, maana kulikuwa na swali moja nililomwekea mama yule kwa miaka zaidi ya thelathini, nikawa naliahirisha kila mwaka kwa kuogopa jibu, na sasa ameondoka nalo.

Seif, mume wangu, alikuwa dereva wa greda katika kampuni ya wageni iliyokuwa ikitengeneza barabara mkoani Morogoro. Ulikuwa wakati wa ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, sukari hainunuliwi tena kwa foleni, mitumba inamwagwa chini kwa marundo na kila mtu anachagua, na barabara ambazo kwa miaka zilikuwa mashimo matupu zikaanza kukumbukwa. Wafanyakazi walilala kwenye mahema na kuhama na kazi. Sisi tulipata karavani kwa bahati ya paa bovu: fundi mkuu, Mzungu mmoja mwenye masharubu, aliletewa karavani mpya, lile la zamani lilikuwa linavuja, na Seif akasema yeye atalikalia hivyohivyo mradi aje na mkewe. Aliziba matundu kwa lami ya kazini. Mvua ilikoma kuingia, lakini jua la saa saba lilipokuwa kali lami ililainika na kutudondokea tone moja moja, na kanga yangu nzuri ya harusi ina doa jeusi hadi leo.

Kwa urefu lilikuwa hatua saba zangu, kwa upana tatu. Kitanda kilikunjwa mchana kikawa benchi, na meza ilishuka kutoka ukutani kwa bawaba, kwa hiyo mtu hakuweza kuugua na mwingine akala kwa wakati mmoja. Kulikuwa na bomba dogo lililotoa maji kutoka kwenye tangi la mgongoni, na kabati la vyombo lenye kamba ya kuvizuia visimwagike safarini. Kila tulipofika kambi mpya Seif aliweka jeki pembe nne, kisha mimi nilimimina maji kwenye sahani na kuiweka mezani. Maji yakiegemea upande mmoja, nilimpigia kelele dirishani, "Bado, pandisha kulia!" Alipandisha, nikachungulia, nikamwambia sasa amezidisha. Tuligombania sahani ile kuliko tulivyowahi kugombania jambo lolote la maana. Leo ana mgongo mbovu uliotokana na greda, hawezi safari, lakini nikiweka chai mezani bado huinama kutazama kama imekaa sawa.

Kambi iliyonikaa moyoni ilikuwa ya Mlali, chini ya milima. Tuliegesha kando ya migomba, juu kidogo ya kijito, na asubuhi ukungu ulipopanda uliona vishamba vya kabichi na maharage vimetundikwa kwenye miteremko mpaka ukajiuliza mkulima hasimami kwa kamba? Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mimba ya miezi mitano, na sikumjua mtu. Seif aliondoka alfajiri na kurudi jioni amepaka vumbi hadi kwenye kope. Mchana nilibaki na redio na kuta za bati. Na bati, kwa wasiojua, halifichi kitu. Wanawake waliokwenda kuteka maji walipita chini ya dirisha langu na kunijadili kana kwamba niko Ulaya.

"Huyu binti ana choo?"

"Anacho, cha turubai."

"Na uani je?"

"Uani hana."

"Maskini ya Mungu. Anaanika wapi nguo zake za ndani?"

Nilizianika ndani, juu ya kitanda, na nikaona haya kama vile wameniona. Siku ya nne mmoja wao aliacha njia akaja mpaka kwenye tairi. Hakujua abishe wapi. Nyumba ina kizingiti, ina ukumbi, mtu anajua mahali pa kusimama. Hii ilikuwa na mlango mmoja mwembamba juu hewani na kreti la soda badala ya ngazi. Mwisho akalipiga tairi kwa kiganja mara tatu, akaita, "Hodi wenye gari!" Nilitoka nikamwambia shikamoo, akacheka, akasema marahaba, halafu akanipa bakuli la bati, jeupe lenye maua ya bluu na mdomo uliobanduka rangi upande mmoja, limejaa magimbi ya kuchemsha yanayotoa moshi. Huyo ndiye Mama Benadeta. Shamba la migomba lilikuwa lake, au tuseme la ukoo wake, kwa sababu kule ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na hupita kwa wanawake ingawa neno la mwisho husemwa na mjomba.

Kila mtu anajua kwamba bakuli la jirani halirudi tupu. Kesho yake nikakaanga vitumbua vya kwetu, kwa mchele na iliki, nikavipanga humo na kumpelekea. Baada ya siku mbili bakuli lilirudi na ndizi mbivu. Nikalirudisha na mkate wa kumimina. Likaja na maharage mabichi, likaenda na kashata, likaja na mboga ya maboga, na mimba yangu ikakua kwa bakuli lile. Ikawa hata hatuagani. Analeta, anakaa kwenye kreti, mimi nakaa mlangoni miguu nje, tunachambua mboga na kuteta watu. Wenzake nao wakazoea. Wakawa wanatua ndoo zao kwenye kivuli cha karavani, wananiita Mama Karavani, na kuku wa Mama Benadeta akatagia chini ya sakafu yangu, akaatamia, na siku vifaranga vilipoanguliwa nilivisikia vikilia moja kwa moja chini ya kitanda. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimeanza kuwa na uani.

Kaka yake, Mzee Aloisi, hakuwa mzee kwa miaka, alikuwa hajafika hata hamsini. Uzee wake ulikuwa wa cheo, maana ndiye mjomba aliyeshika mambo ya lukolo. Alikuja kutukagua Jumapili moja akitoka kanisani, amevaa koti. Nilimpa shikamoo, nikampa chai. Akakaa kwenye benchi, akaruka-ruka kidogo kuijaribu. Akafungua bomba, akafunga, akafungua tena.

"Maji yanatoka ukutani," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Na nguzo ziko wapi?"

"Haina nguzo. Ina jeki."

Alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akaniuliza, "Kwenu wapi, binti?" Nikiwa na wepesi wangu wa siku zile nikamjibu, "Kwetu si hapa hapa, mjomba?" Akatazama matairi, akanitazama mimi. "Hapa ni gari," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikunywa vikombe vitatu, na tangu siku hiyo hakukosa Jumapili. Lakini neno lile lilinichoma, na lilinichoma kwa sababu ya mtoto niliyekuwa nambeba.

Tulipangiwa kuhamia Gairo kabla sijafikisha siku zangu. Asubuhi ya kuhama, trekta limekwisha kufungwa, jeki zimetolewa, mvua inanyesha, mimi nafunga ile kamba ya kabati, maji yakanitoka. Nilipiga kelele. Mama Benadeta alipanda bila hodi kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akamtoa Seif nje, akamwamuru dereva wa trekta, "Zima hilo!" Bila jeki karavani lilikuwa limelala mbele, na kila nilipojitahidi nilihisi nateremka. Nilimwambia, "Dada, nyumba haijakaa sawa." Akaniambia, "Mtoto hajali sahani yako. Sukuma." Kabla ya saa nne Tunu alikuwa amezaliwa. Seif aliingia na grisi mikononi akamwadhinia mwanawe sikioni, na dereva wa trekta alikuwa analia kule nje kwenye usukani, sijui kwa nini, hakuwa hata ndugu yetu.

Msimamizi wa kambi alitupa siku tatu. Ndipo nikamtuma Seif kwa Mzee Aloisi na ombi moja: kitovu cha mtoto kikidondoka, kizikwe pale, kwenye migomba. Mtu ukitaka kusema kwao unasema mahali kitovu chake kilipozikwa. Sikutaka mwanangu ajibu swali lile kama nilivyojibu mimi, kwa kubahatisha. Sikuona ni ombi kubwa. Niliwasikia kupitia bati, wamesimama kwenye matope.

"Bwana Seif, wewe ni mtu mwema," Mzee Aloisi alisema. "Lakini hilo hapana."

"Ni kitovu tu, mzee wangu."

"Kitovu ni hati. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi chai yenu nimekunywa, ugeni nimewapa, ila jembe silitoi. Nikimpa jembe nimempa shamba. Angalia kule chini, kila wiki anakuja mfanyabiashara na gari anataka shamba la kabichi. Leo kitovu, kesho kutwa mtu mzima anasimama hapa anasema nina haki. Nitawaambia nini watoto wa dada zangu?"

Nilimchukia siku ile. Sasa namwelewa, maana nimeona ardhi za watu zilivyokwenda miaka ile, kipande kwa kipande na kila kipande kwa maneno matamu. Lakini nilikuwa mzazi wa siku moja na nilimchukia kwa moyo wote. Mama Benadeta alizozana naye Kiluguru kwa muda mrefu. Nilichoshika ni neno lukolo tu, likirudi na kurudi. Siku ya tatu trekta lilivuta nyumba yangu, na mimi na mtoto tukapanda mbele kwenye lori. Kuku alibaki na vifaranga vyake katikati ya uwanja mtupu, akiwa haamini.

Kitovu kilidondoka njiani. Tulikuwa tunapita mashamba ya mpunga ya Dakawa nilipofungua nepi nikakikuta. Seif alisema, kwa kunichangamsha, kwamba basi tukizike kwenye mpunga, mtoto hatalala njaa. Sikucheka. Nilimwomba dereva kiberiti, nikamwaga njiti zote dirishani, nikakiweka humo na kukifunga kwenye pindo la kanga. Tulipofika Gairo na kuweka jeki, nikafungua kabati kutafuta sahani ya kupimia, na mbele yangu lilikuwepo bakuli la maua ya bluu. Katika vurugu za kufunga nililifunga pamoja na vyangu. Nimeondoka na chombo cha mtu! Baada ya wema wote ule, Mlali watasema Mama Karavani alikula akatoroka na bakuli.

Gairo ina upepo. Upepo wake hauna siku ya mapumziko. Uliitikisa nyumba mpaka maji ya mtoto yalitikisika kikombeni, na vumbi liliingia hata kwenye chumvi. Watu walikuwa wema, waliniletea karanga mbichi kwa ungo, lakini nilikuwa mpweke na mkaidi. Kile kiberiti nilikiweka juu ya kabati. Jioni moja Seif alikichukua awashe jiko la mafuta ya taa, akakitikisa, akasikia kina njiti moja tu. Nilimrukia kama paka. Alikishika mkononi akakitazama kwa muda, kisha akasema taratibu kwamba tukifika kwetu Tanga tutakizika. Nilimuuliza lini. Kazi ilikuwa inaelekea Dodoma, mbele zaidi Singida, na kila mwezi Tanga ilizidi kuwa mbali.

Mtoto alikuwa na mwezi na siku chache niliposikia tairi linapigwa kiganja mara tatu. "Hodi wenye gari!" Nilidhani naota. Mama Benadeta alikuwa amesimama na kikapu, amepauka vumbi la basi mpaka nywele, na kabla sijafungua mdomo akasema kwa sauti ya kugomba, "Nimefuata bakuli langu." Halafu tukacheka wote mpaka mtoto akaamka. Alitoka Mlali na giza la alfajiri, akabadilisha basi Morogoro, kwa ajili ya bakuli lililobanduka rangi. Alimwogesha Tunu, alimkanda, akanila mimi kwa maneno kwa sababu nimekonda, akapika ugali akaunga mchicha kwa karanga za Gairo, na Seif aliporudi kwa chakula cha mchana alimkuta amekaa mahali pake kwenye benchi akaona afadhali ale amesimama. Basi la kurudi lilipita saa nane. Ilipokaribia nikalitoa bakuli, nikalijaza karanga. Kisha nikazisogeza karanga pembeni, nikakiweka kile kiberiti katikati, nikampa kwa mikono miwili.

"Dada, bakuli halirudi tupu," nikasema.

Alikiona. Alikisukuma kwa kidole kikafunguka nusu, akakifunga. Nilitazama chini nikiona nimemkosea adabu, nimemvutia ugomvi na kaka yake. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akakifunga humo mafundo mawili.

"Nilichowekewa kwenye bakuli langu sikirudishi," akasema.

"Na mjomba?"

"Kaka yangu kakataa ombi la Seif. Hajanikataza mimi kupokea bakuli langu."

Akapanda basi. Sikuonana naye tena. Tulihama tukahama, karavani lilikatika ekseli huko Singida na nasikia liliishia kuwa saluni, mlango wake uleule. Tuliandikiana barua, lakini alisomewa na Benadeta ambaye bado alikuwa shule ya msingi, na jambo kama lile huliandiki kwa mkono wa mtoto. Simu zilipokuja tulizungumza kila Pasaka na kila Idi, na kila mara nilitaka kumwuliza: ulikizika? Wapi? Au kaka yako alijua, akakulazimisha ukitupe? Badala yake nikamwuliza habari za maharage. Tunu alikua. Shuleni walipojaza fomu, mahali pa kuzaliwa aliandika "karavani", darasa zima likamcheka, akarudi nyumbani akaniuliza, "Mama, kwetu hasa ni wapi?" Nikamwambia Tanga. Tanga alifika mara ya kwanza akiwa na miaka saba, na mwenyewe alijua si jibu. Amekuwa mtu wa kuhamahama nyumba za kupanga Dar es Salaam, hapambi ukuta, na ukimtembelea unakuta mizigo mingine haijafunguliwa. Mimi huona kosa ni langu.

Mimi na Tunu tulikwenda pamoja kwenye matanga, siku ya kuyaanua. Mlali imejaa nyumba za tofali sasa, na pale lilipokuwa karavani kuna bomba la kijiji. Benadeta, mtu mzima mwenye wajukuu, alinikumbatia tukalia. Chini ya mti wa parachichi kwenye kiti cha plastiki alikuwa amekaa Mzee Aloisi, mwembamba, macho yamefifia, hakuna anayeijua miaka yake. Nilimpa shikamoo nikajitaja. Alinishika mkono asiuachie.

"Mama Karavani. Na huyu?"

"Shikamoo babu. Naitwa Tunu."

"Kwenu wapi?"

Tunu alinitazama, akajibu alivyozoea kujibu, "Mimi nimekulia kila mahali tu, babu. Sasa hivi nakaa Dar."

"Sikukuuliza unapokaa," akasema. Akanyanyuka kwa fimbo, akamshika Tunu bega, akatuongoza polepole kuteremka kwenye migomba mpaka kwenye shina moja kubwa, limezaa vizazi kwa vizazi, linataka kupogolewa. Hapo akasimama kupumua.

"Dada yangu alirudi kutoka Gairo na karanga. Nikala. Zilipokwisha akafungua pindo la kanga akanionyesha kiberiti, akasema kilikuwa katikati ya karanga, na mimi niliyezila nimekipokea pamoja nazo. Sikusema naye wiki nzima." Akatikisa kichwa na kucheka bila sauti. "Halafu nikachimba mwenyewe, hapa hapa. Yeye angechimba shimo fupi, kuku wangefukua."

Nililia mbele za watu, kilio cha kelele, mimi mwanamke mzima. Tunu alikuwa ameinama, kiganja chake kiko juu ya shina kama mtu anayepima homa. Mzee Aloisi aligeuza uso kuwatafuta vijana wa ukoo waliotufuata, akawaambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri, "Mmesimama nini? Majani yamekauka, magugu yamejaa, na mwenyewe kafika. Mpeni jembe."